Chumvi Mita Kumi na Moja Kutoka Kisimani

Kwa miaka sita kazi yangu ilikuwa kugombana na bahari. Nilikuwa pwani, kwenye ofisi yenye feni moja, nikitengeneza modeli za kompyuta zinazoonyesha jinsi maji chumvi yanavyojipenyeza chini ya ardhi na kuyasukuma maji baridi. Kazi yenyewe si ngumu kuieleza, ingawa sisi tunaoifanya tunapenda ionekane ngumu. Maji baridi ni mepesi, hukaa juu. Maji chumvi ni mazito, hukaa chini. Ukivuta sana ya juu, ya chini yanapanda. Ukimwambia mtu hivyo, kwa maneno hayo hayo, anakutazama tu. Ukimwonyesha kwenye skrini, rangi nyekundu ikiifukuza ya buluu, anakuita mtaalamu na kukuagizia soda.

Kwa hiyo shangazi yangu aliponipigia simu kutoka Ujiji kusema kisima chake kimeingia chumvi, nilifurahi. Naona aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Watu wa nyumbani hawakuwahi kuihitaji kazi yangu. Wao walihitaji fundi wa simu, muuguzi, mtu wa uhamiaji. Mwanamke wa kuchora chumvi isiyoonekana hawakujua wamweke fungu gani, na kwenye harusi walinitambulisha kuwa ni yule wa mambo ya maji, wageni wakanilalamikia bili zao.

Kisima hicho alikichimba marehemu mume wa shangazi, uani kwao, mita saba kwenda chini. Bomba la mtaa lipo, ila lina siku zake za kutoa maji na siku zake za kutoa pumzi, na siku za pumzi mtaa mzima huchota kwa shangazi. Hakuwahi kumtoza mtu. Alichotaka ni salamu na habari: nani kajifungua, nani kahama, nani kanuna. Watoto wake wote wako mbali, na kisima ndicho kilichomletea watu mlangoni. Sasa watu walikuwa wanaonja, wanakunja uso, wanamwaga, wanaondoka na ndoo tupu. Na kwa kuwa visima vitatu vya upande wa chini navyo vilikuwa vimeanza ladha hiyo hiyo, majirani walisema ugonjwa umetoka kwake. Mwenyekiti wa mtaa alishatamka neno kufukia.

"Njoo ukitetee kisima changu," shangazi aliniambia kwenye simu. "Wewe si ndiyo ulisomea?"

Nikaomba likizo, nikabeba kifaa cha kupimia chumvi, tepu ya kupimia, kompyuta na mabomba manne membamba ya plastiki ambayo kondakta wa basi aliyashuku mpaka Kidahwe, karibu kabisa na nyumbani.

Shangazi nilimkuta vile vile. Mfupi, mpana, mwenye sauti ya kumsimamisha mtu aliye ng'ambo ya barabara. Kwa miaka mingi alikuwa na meza Kibirizi, mwaloni, penye mitumbwi na wapagazi. Ananunua migebuka mibichi, samaki wa ziwani, anaipasua, anaitia chumvi ya Uvinza, anaianika, anawauzia wasafirishaji. Pale mwaloni alikuwa mtu mkubwa. Wanawake wakigombania nafasi, yeye ndiye aliyeamua, na akishaamua hakuna aliyekata rufaa. Kila asubuhi, kama enzi za utoto wangu, alivaa khanga safi, akachukua ndoo na kisu, akaaga na kwenda zake Kibirizi. Mimi aliniachia chupa ya chai ya maji ya kisima. Niliitia sukari vijiko vitano. Ilikuwa chai ya kumpa mtu unayetaka aondoke.

Basi nikaanza kazi. Nilichimbia mabomba yangu uani, nikapima kina cha maji, nikapima chumvi asubuhi na jioni, nikachora ramani ya mtaa na visima vyake. Halafu nikafanya kitu ambacho kila mtu wa kazi yangu hukifanya lakini hakisemi: sikutengeneza modeli mpya. Nilifungua faili ya zamani ya pwani, nikafuta ramani ya pale, nikaweka ya Ujiji, nikabonyeza kitufe. Kwenye skrini nchi imegawanywa visanduku vidogo vidogo kama daftari la hesabu, na kila kisanduku kinaambiwa kina mchanga gani, maji kiasi gani, chumvi kiasi gani. Kompyuta ikavuma mpaka adhuhuri. Matokeo yalipotoka nilisimama.

Chumvi ilikuwa inatoka ziwani. Ukuta mwekundu ulipanda kutoka ufukweni, ukameza Ujiji, ukapita chini ya shule, ukaendelea kupanda kuelekea Mwanga, na kwa hesabu yangu wauza nyanya wa Mwanga sokoni wangekuwa juu ya maji ya bahari kabla wajukuu zao hawajaoa.

Mtu mwenye akili angekunywa maji kwanza, akatafakari. Mimi nilikwenda kwa mwenyekiti.

Mwenyekiti wetu ni mzee mpole mwenye asili ya vijiji vya juu, anayemsalimu kila mtu "Mwakeye", salamu ya asubuhi ya huko, hata saa kumi jioni, na ambaye hajawahi kumkatiza mtu maneno. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alitazama ule wekundu. Aliniuliza kama kuna uwezekano wa kukosea, nami nikamwambia, Mungu anisamehe, kwamba kompyuta haina upande. Kufika jioni habari zilikuwa mtaani. Watu walijaza madumu, mapipa, mabeseni, mitungi ya harusi. Jirani mmoja alijaza bafu la mtoto, mtoto akaoga kwenye sufuria.

Shangazi alirudi kutoka kazini akakuta mtaa mzima una foleni bombani. Akaniuliza kulikoni. Nikafungua skrini nikamweleza kwa upole, maana nilijua ni habari nzito, kwamba ziwa linaingiza chumvi yake nchi kavu. Alinisikiliza akiwa amesimama. Kisha akatoka, akateremka mpaka ufukweni, akarudi na kikombe cha bati kimejaa, akakiweka mbele yangu.

"Onja," akasema.

Nikaonja. Yalikuwa maji ya ziwa. Maji matamu, yale yale tuliyoyanywa tukiogelea, yale yale ambayo watu wa hapa wamepikia ugali tangu dunia iumbwe. Faili yangu ya pwani ilikuwa bado inaamini kwamba penye ufuko pana bahari. Nilikuwa nimebadilisha ramani, nikabadilisha mchanga, nikabadilisha mvua, na Ziwa Tanganyika nikaliacha na chumvi ya Bahari ya Hindi. Mtu aliyezaliwa mita mia tatu kutoka ziwa hilo.

Shangazi hakucheka mbele yangu. Aliingia ndani, akafunga mlango, na huko ndani nikasikia kitanda kinatikisika.

Kesho yake nilizunguka mtaani kuomba radhi. Watu walinipokea vizuri kuliko nilivyostahili. Waliniambia hakuna neno, angalau mapipa yameoshwa. Lakini kuanzia siku hiyo nikipita, mtu alinitolea kikombe cha maji na kuniomba nimhakikishie kama ni ya bahari.

Hapo nilikuwa nimeumia kiburi, na mtu aliyeumia kiburi ni hatari akiwa na kompyuta. Nililirudishia ziwa utamu wake, nikaingiza vipimo vyangu vyote, nikaiambia modeli ifanye kazi kinyumenyume: hii ndiyo chumvi iliyopo visimani, hebu nitafutie inatoka wapi. Ikafikiri muda mrefu. Ikanijibu kwamba chumvi inatoka kisanduku kimoja tu, safu ya kumi na nne, mita kumi na moja kutoka kisimani, upande wa juu, nyuma ya bafu la shangazi.

Nilikasirika. Nyuma ya bafu hakuna kitu. Kuna ukuta wa matofali, na nyuma ya ukuta kuna pagale, nyumba isiyoezekwa ya mtu aliyehamia mbali, vyumba vitatu vilivyoota majani. Nikakifuta kile kisanduku nikaendesha upya. Jibu likarudi pale pale. Nikabadilisha mchanga. Pale pale. Nikabadilisha mwelekeo wa maji kwa nguvu, kitendo ambacho kingenifukuzisha kazi, na modeli ikakataa kabisa kumaliza hesabu. Kwa siku nne tuligombana hivyo, mimi na mashine, huku upande wa pili wa ukuta nikisikia sauti za kitu kinachapwa, pa, pa, pa, na mara nyingine mtu anakohoa. Nilidhani mwenye pagale kaleta vibarua. Siku moja nilipaza sauti nikawaomba wapunguze kelele kwa kuwa kuna mtu anafanya kazi ya akili. Kule ng'ambo pakawa kimya, halafu yule mtu akaendelea kuchapa polepole, kwa adabu.

Mwisho nikaiacha modeli, nikatunga jibu langu mwenyewe. Mkoa wetu una chumvi chini ya ardhi, kila mtu anajua chemchemi za Uvinza. Basi nikasema labda upo mkondo wa kina kirefu unaopanda kwetu. Ni mbali mno, na kifaa changu hakikuona chochote cha namna hiyo, lakini lilikuwa jibu lenye heshima. Nikamwambia mwenyekiti. Akaniuliza, ikiwa chumvi inatoka chini, tufanye nini? Na mimi, nikitafuta kuonekana nimerudi kwenye utaalamu wangu, nikasema kisima kama hicho huinyonya chumvi na kuipandisha, na dawa yake ni kukifunga kwa zege na kifusi.

Mwenyekiti akashukuru. Akaitisha kikao Jumamosi, uani kwa shangazi, ili watu waamue kukifunga.

Niliporudi nyumbani nikamwambia shangazi nilichosema. Hakugomba, na hilo lilinitisha. Alikaa kwenye ukingo wa kisima, akaigusa kamba, akauliza kama kifusi kitaletwa na lori au mkokoteni, maana lango ni jembamba. Kisha akaniuliza kama nina hakika. Nikasema ndiyo. Sikuwa na hakika hata kidogo. Alikuwa ameniita nije kumtetea, na mimi nilikuwa nimekwenda kushitaki.

Alhamisi asubuhi, alipokwisha kuondoka kwenda Kibirizi, nilishindwa kukaa. Nilichukua tepu, nikaifunga kwenye ukingo wa kisima, nikaivuta kuelekea juu jinsi modeli ilivyosema. Mita tisa nikagonga ukuta. Zilibaki mbili, na zote mbili zilikuwa ng'ambo. Kifaa changu nilikichomeka kwenye udongo wenye unyevu chini ya ukuta na namba ikapanda mpaka nikadhani kimeharibika. Nikaugusa ule udongo, nikajilamba kidole. Kidole kilikuwa chumvi tupu.

Nikampigia shangazi simu kumuuliza mwenye pagale ni nani.

Nilisikia simu yake ikiita sikioni mwangu. Nikaisikia pia ikiita nyuma ya ukuta, ule mlio wake wa kaswida anaouweka juu kabisa ili ausikie mwaloni.

Ikapokelewa. "Nipo Kibirizi," shangazi akasema kwa kunong'ona. "Sema haraka, hapa kuna kelele nyingi."

Hapakuwa na kelele. Kulikuwa na jogoo mmoja, ambaye nilimsikia kwa masikio yote mawili. Nikaleta kiti cha plastiki, nikapanda, nikachungulia.

Alikuwa ameketi kwenye kigoda katikati ya kile ambacho kingekuwa sebule ya mtu, amefungua khanga safi na kuitundika msumarini, amevaa gauni la kazi. Mbele yake beseni la migebuka iliyopasuliwa, gunia la chumvi, ubao wa kuipigia. Migebuka mingine ilikuwa imetandazwa kwenye vyandarua juu ya kuta za vyumba. Na pembeni, chini kabisa ya ukuta wetu, shimo la ukubwa wa karai lililojaa maji ya chumvi ya kijivu, yale yanayobaki baada ya kuloweka samaki, yakizama taratibu mchangani.

Simu bado ilikuwa sikioni kwake. Alinitazama juu ya ukuta, akaitazama simu, akakata.

"Karibu," akasema.

Nikasema, "Shikamoo." Akaitikia marahaba, kama vile tumekutana msikitini.

Nilizunguka kwa barabara mpaka upande wa pagale, nikakaa juu ya tofali, akanieleza. Ziwa lilipopanda miaka hii lilimeza ufuko pale alipokuwa, likachukua vichanja vya kuanikia, likachukua meza. Wenye nguvu walisogea juu, wakabanana. Yeye alisubiri maji yashuke. Hayakushuka kwa wakati wake. Mtu wa pikipiki akawa anamletea samaki alfajiri hapa pagale, na jioni anachukua waliokauka, na habari zote za Kibirizi alizokuwa akinisimulia kila jioni, nani kagombana na nani, mtumbwi gani umerudi mtupu, alizipata kwa huyo wa pikipiki. Kila asubuhi alitoka kwa mlango wa mbele, akaenda mpaka kona, akasubiri barabara itulie, akazunguka.

Nikamuuliza kwa nini asifanyie uani kwake tu, penye kivuli na choo. Akanikumbusha mwanamke mmoja wa mtaa ule ule, mwenzake wa mwaloni, ambaye ziwa lilimtoa mapema kabisa. Huyo hakujificha, alianikia samaki nyumbani kwake, chini kabisa karibu na ufuko, siku ya pili tu. Na shangazi ndiye aliyempachika jina mbele ya watu wote, akamwita mchuuzi wa uani, na Kibirizi nzima ikacheka, na jina likamkaa.

"Sasa nitaanzia wapi?" akaniuliza.

Halafu akageuka akalitazama lile shimo, na nikaona wazo linamfikia. Wallahi hakuwa amejua. Kwake yeye, kama kwa kila mtu, ardhi humeza na yakishamezwa yamekwisha. Aliniuliza, ni haya? Nikasema ni haya. Yanashuka mpaka kwenye maji ya chini, maji ya chini yanateremka kuelekea ziwani, na njiani yanapita kwenye kisima chako, kisha vile vitatu. Alikiweka kisu chini. Akafuta mikono kwenye gauni, akaifuta tena, ingawa ilikuwa imeshakauka.

Akaniomba kitu kimoja: nisiseme. Niwaambie chochote wapate kukiacha kisima, yeye atalifukia shimo, chumvi itapungua yenyewe, ila nisiseme ilitoka wapi. Nikaahidi. Nilikuwa nimekwisha kuwadanganya bila kukusudia mara mbili, nikaona ya tatu kwa makusudi haiwezi kunishinda.

Ilinishinda vibaya. Jumamosi baada ya alasiri uani palijaa. Nilitundika ramani kwenye kamba ya nguo, ile ile niliyoichora, nikiwa nimekifuta kwa wino mweupe kisanduku cha safu ya kumi na nne. Mwenyekiti alitusalimu wote "Mwakeye", akaomba mtaalamu atueleze. Nikaanza. Nilisema kuhusu mtawanyiko, mgandamizo, tofauti za uzito, mwingiliano wa vipengele mbalimbali. Nilitumia maneno ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nayasikia kwa mara ya kwanza. Mzee mmoja alisinzia kwa heshima zote. Nilipomaliza, mwenyekiti akafikiri, akauliza swali lake kwa upole.

"Mwanangu, sisi tunataka kujua tu. Chumvi inatoka chini au inatoka juu?"

Nikisema chini, kisima kinafukiwa. Nikisema juu, watauliza juu wapi.

"Katikati," nikasema.

Watu wakacheka. Hata aliyesinzia aliamka akacheka. Mtu akasema mara hii angalau si bahari. Lakini mwenyekiti hakucheka, alikuwa anatazama kisima, na akasema kwa huzuni kwamba kama mtaalamu mwenyewe hajui, basi salama ya visima vya wenzetu ni kukifunga hiki, na akaomba wanaokubali wanyooshe mikono. Ikaanza kunyooshwa. Haikuwa mikono ya uadui. Ilikuwa ya watu waliochota hapo maisha yao yote, wananyoosha mpaka bega tu, wanatazama chini. Nikaitazama ramani yangu na lile doa jeupe. Nilitamani kulia.

Shangazi akasimama.

"Mwacheni mtoto," akasema. "Chumvi ni yangu."

Akaeleza yote. Sauti ile iliyokuwa ikitawala mwaloni ilitoka ndogo, ikabidi walio nyuma wasogee. Alieleza ziwa, meza, pagale, kona, mtu wa pikipiki. Alieleza lile shimo. Hakuomba msamaha mpaka alipomaliza, na alipoomba alimgeukia mwanamke mmoja aliyekaa karibu na lango, yule mwenzake, akamwita kwa jina lake halisi, ambalo hakuna aliyelitumia siku nyingi, akasema, "Nilikucheka. Nisamehe."

Yule mwanamke alikuwa na mtoto wa binti yake mapajani. Alimweka chini, akajinyoosha khanga, hakuharakisha hata kidogo. Nilidhani atamtusi, na kwa kweli alikuwa na haki.

"Karibu uani, dada," akasema.

Kabla mwenyekiti hajapata la kusema, mwanamke mwingine akainuka. Alikuwa jirani wa kisima cha chini, mmoja wa wale waliolalamika sana. Akasema na yeye hana meza tangu ziwa lilipopanda. Anatilia samaki chumvi chumbani kwa marehemu mama yake, na maji anamwaga nyuma ya banda. Wa tatu akasema yeye bafuni, usiku watoto wakilala. Wa nne hakuinuka, alinyoosha mkono tu kutoka kwenye mkeka, kama mwanafunzi. Asubuhi zote zile walikuwa wakipishana kwenye kona ile ile na ndoo zao na khanga safi, wanatakiana kazi njema Kibirizi, kila mmoja anamwonea wivu mwenzake.

Mimi nilisimama na kalamu. Modeli yangu ilikuwa imepata chanzo kimoja, na palikuwa na vyanzo vinne, na kama wangeniuliza kisayansi ningesema ilikosea kwa robo tatu. Nikaomba kila mmoja aje aniwekee alama pale anapomwaga. Walikuja wakapanga foleni mbele ya kamba ya nguo. Nikamwomba shangazi aweke ya kwake, akalikwangua lile doa jeupe kwa ukucha mpaka kisanduku kikatokea.

Mambo yaliyofuata yalikuwa mepesi na sitayarefusha. Mwenyekiti alisahau kuhesabu mikono. Nilipoulizwa ni wapi pa kumwaga ili chumvi isipite kisimani kwa mtu, kwa mara ya kwanza tangu nifike niliweza kujibu swali kwa hakika: chini ya visima vyote, ule uwanja wa mwisho kabla ya ufuko. Palepale wakakubaliana wapaombe, waanikie pamoja. Kuhusu visima niliwaambia mvua za misimu miwili, labda mitatu, zitavisafisha. Mtu akauliza kama hiyo ni hesabu ya kompyuta au ya kwangu. Nikasema ya kompyuta, wakafarijika.

Watu walipoondoka tulibaki wawili tunakusanya viti. Shangazi alikuwa mwekundu wa macho na mwepesi wa miguu. Nilitaka kumwambia kwamba nimemwonea fahari, lakini kwetu maneno kama hayo hayasemwi hivi hivi, nikamwambia alisema vizuri. Akaguna. Akapanga viti, akavipangua, akavipanga upya.

"Unajua kilichonishinda?" akasema. "Si kuzunguka kwenye kona. Ni saa saba. Kibirizi tulikuwa tunakula pamoja, watu kumi na zaidi, sinia moja. Miezi yote hii nimekula peke yangu nyuma ya ukuta wangu mwenyewe, na nyumbani kwangu watu wanapita na ndoo, nawasikia, siwezi kuwaita."

Hapo nilikumbuka siku nne za kuchapwa kwa samaki, na kwamba mimi nilikuwa upande wa huku, nakula ugali na dagaa alioniachia yeye kwenye hotpoti, peke yangu pia, nikimpigia kelele. Sikuwa na modeli ya kitu kama hicho. Nilikwenda pagale nikabeba beseni la migebuka iliyobaki, nikaliingiza uani kwa lango la mbele mchana kweupe, nikaketi chini nikaanza kuipasua, vibaya. Shangazi alinitazama kwa muda jinsi ninavyoharibu samaki, kisha akaninyang'anya kisu, akavuta kigoda, akakaa karibu yangu.